Losheni ya jua isiyoelemea uso: kuunda fomula kwa ajili ya ngozi ya mafuta

Kiswahili chetu kinaweka kikwazo kabla hata kizibo hakijafunguliwa. Kila kinachopakwa mwilini ni mafuta: mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, mafuta ya jua. Mtu ambaye saa nne asubuhi pua na paji la uso vimeshang'aa, ukimwambia apake mafuta ya jua, anasikia kwamba unamwongezea shida aliyo nayo. Nimeambiwa mara nyingi, karibu kwa maneno yale yale: "Dada, hiyo nikipaka, nikifika Kariakoo uso unatiririka." Wanasema kweli. Losheni nyingi za jua zina nta na mafuta ya kulainisha kiasi kwamba kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam zinakaa juu ya ngozi kama koti.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuunda losheni nyepesi kwa mikono yake: mfamasia, mwanafunzi wa kemia, mtengenezaji mdogo wa vipodozi aliyekwisha kuzoea krimu za kawaida. Kama hujawahi kutengeneza emulsheni (mafuta na maji yaliyounganishwa) hata moja, anza na losheni ya mwili, ukae nayo miezi michache ujue inavyokatika na inavyoshikana, ndipo urudi hapa. Losheni ya jua haina huruma na makosa madogo.

Wepesi ni sehemu ya kinga

SPF ni namba ya kinga dhidi ya miale inayounguza ngozi. Hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 za losheni katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo ya mtu mzima hiyo ni takriban gramu 1.2, yaani mistari miwili iliyojaa kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini yake, na kinga hushuka pamoja na kiasi. Mwenye ngozi ya mafuta hujibana zaidi, kwa sababu kila tone analihisi. Losheni nzito ya SPF 50 inayopakwa kiduchu inaweza kumlinda vibaya kuliko nyepesi ya SPF 30 inayopakwa sawasawa.

Kwa hiyo ninapounda fomula hii najiuliza jambo moja tu: uzito nautoa wapi? Kwenye nta, ndiyo. Kwenye viunganishi, vile vinavyoshikanisha mafuta na maji, na mafuta ya kulainisha, ndiyo. Kwenye vichujio, yaani viambato vinavyozuia miale ya jua, hapana. Majaribu ni makubwa, maana vichujio vyenyewe vingi vinanata na vinang'aa, na ukipunguza nusu yake losheni inakuwa kama maji ya mawaridi. Mwishoni mwa 2020 losheni moja nyepesi kutoka Korea Kusini, iliyopendwa sana na wenye ngozi ya mafuta na iliyoandikwa SPF 50+, ilipimwa upya Ulaya ikatoa takriban 19. Juni 2025 shirika la watetezi wa walaji la Choice huko Australia lilitangaza kuwa losheni 16 kati ya 20 ilizozipima hazikufikia namba iliyoandikwa kwenye chupa. Hizo ni nchi zenye maabara na sheria kali. Sisi tunaoanza na bika mbili (vikombe vya maabara) tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Na jua letu si la kuchezea. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 11 Oktoba. Kielezo cha UV, kipimo cha ukali wa miale ya jua isiyoonekana, kinapita 11 mara kwa mara, daraja ambalo Shirika la Afya Duniani linaliita la kupindukia. Walioko Arusha, Mbeya au Nairobi wasidanganywe na baridi: kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi hiyo kwa takriban asilimia 10.

Kuna wanaoniuliza ngozi nyeusi inahitaji nini zaidi. Melanini inatulinda kweli. Vipimo vya miaka ya nyuma viliipa ngozi nyeusi kinga ya asili ya karibu SPF 13, dhidi ya takriban 3 ya ngozi nyeupe. Ila mwenye ngozi ya mafuta mara nyingi ana chunusi, na chunusi ikipona kwenye ngozi yetu inaacha doa jeusi. Miale ya UVA, ile ndefu ya nanometa 320 hadi 400, inalikoleza doa hilo kila siku, na UVA haikuunguzi ukahisi. Wengi wanaonunua krimu za kuondoa madoa wangetumia hela kidogo zaidi kama wangeanza na kinga ya UVA.

Kuchagua vichujio

Wengi wanapoanza hukimbilia unga wa oksaidi ya zinki, kwa sababu unapatikana na una sifa ya kuwa mpole. Mpole ni kweli. Lakini unga wa kawaida ukiuchanganya kwa kijiko au blenda, chembe zake zinashikana mabonge madogo usiyoyaona kwa macho, na kwenye ngozi zinaacha mianya ambamo jua linapita. Pia ili ufikie kinga ya maana unahitaji asilimia 15 hadi 20 na zaidi, na hapo uso mweusi unageuka kijivu kama umepakwa majivu. Oksaidi ya zinki tena haipatani na jeli za kabomeri (polima ya kunenesha maji) wala na EDTA (inayofunga madini ya kwenye maji), vitu ambavyo tunavitegemea kwa wepesi. Nimeiacha.

Avobenzoni ni kichujio kizuri cha UVA, lakini kikiwa peke yake kinavunjika juani, na kikiwekwa pamoja na oktinoksati, kichujio cha UVB (miale mifupi inayounguza), vinaharibiana haraka zaidi. Kinahitaji mlezi, kwa kawaida oktokrilini, ambayo ni nzito na inanata. Mzigo wote huo kwa mtu anayekimbia mafuta.

Ninaowatumia ni watatu wanaovumilia jua, na mmoja wa kuwasaidia. DHHB, inayouzwa na BASF kwa jina la Uvinul A Plus, inashika UVA. Kilele chake kiko karibu nanometa 354. Ethilheksili triazoni, yaani Uvinul T 150, inashika UVB kwa nguvu kubwa kwa kiasi kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuipenda: gramu chache, kazi nyingi. Bemotrizinoli, yaani Tinosorb S, inashika pande zote mbili na kuwatuliza wenzake. Zote tatu ni unga au punje, kwa hiyo zinahitaji kuyeyushwa. Wa nne ni ethilheksili salisilati, kimiminika chepesi ambacho ni kichujio dhaifu cha UVB lakini ni kiyeyushi kizuri. Ukomo wa Umoja wa Ulaya ni asilimia 10 kwa DHHB na bemotrizinoli, 5 kwa ethilheksili triazoni, 5 kwa salisilati. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu, EAS 377 sehemu ya 5, chenye orodha ya vichujio vinavyoruhusiwa. Kipate na ukisome kabla hujaagiza chochote. Mwenye ndoto ya kuuza Marekani ajue kwamba DHHB na ethilheksili triazoni hazimo katika orodha ya huko.

Kuhusu mafuta ya nazi na ya mbegu za karoti yanayosifiwa mitandaoni kuwa yana SPF kubwa: hayana kinga ya kutegemewa. Na nazi kwenye uso wenye chunusi inaziba vitundu. Tuiache kwenye wali.

Fomula ya gramu 500

Huu ni usanifu ninaolenga nao SPF 30. Nasema kulenga, namba halisi inatoka maabara tu, na nitarudi hapo.

Fungu A, la maji:
- Maji yaliyokenekwa, gramu 318.5
- Gliserini, gramu 15
- Gundi ya ksanthani, gramu 1
- EDTA ya sodiamu, gramu 0.5

Fungu B, la mafuta:
- DHHB, gramu 20
- Bemotrizinoli, gramu 10
- Ethilheksili triazoni, gramu 10
- Ethilheksili salisilati, gramu 25
- Alkili benzoati ya C12-15, gramu 30
- Dibutili adipati, gramu 15
- Gliserili stearati pamoja na PEG-100 stearati (kiunganishi), gramu 10
- Kopolima ya VP na heksadeseni (kijenga utando), gramu 5
- Tokoferoli, gramu 1
- Polima ya akrilati ya aina ya Pemulen, gramu 1.5

Fungu C:
- Silika ya punje duara, gramu 12.5

Fungu D:
- Niasinamidi, gramu 15
- Fenoksiethanoli pamoja na ethilheksiligliserini (kihifadhi), gramu 5
- Mmumunyo wa asilimia 10 wa haidroksaidi ya sodiamu, hadi gramu 5

Angalia fungu B uone uzito ulipoondolewa. Hakuna nta, hakuna siagi ya shea, hakuna pombe za mafuta zinazofanya krimu iwe nene. Viyeyushi viwili, alkili benzoati na dibutili adipati, vimo kwa sababu bila wao vichujio vya unga havitayeyuka. Dibutili adipati ni nyepesi sana na inaondoka haraka mkononi. Kiunganishi ni asilimia 2 tu.

Kinachowezesha kiunganishi kidogo hivyo ni ile polima ya akrilati. Inashikilia matone ya mafuta ndani ya jeli, na ikigusana na chumvi iliyomo kwenye ngozi na jasho, jeli inavunjika papo hapo. Mtu anahisi maji baridi yanaachiliwa usoni, na vichujio vinashuka vikiwa utando mwembamba. Ndiyo hisia wateja wanayoitafuta wanaposema "inaingia". Chumvi hiyohiyo ni adui yako ukiwa bado kwenye bika. Usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, jeli italegea mbele ya macho yako na hutajua kwa nini. Hata maji ya chupa ya dukani yana madini. Nunua maji yaliyokenekwa.

Silika inakunywa mafuta ya ngozi na kuondoa mng'ao. Usizidishe. Kwenye asilimia 5 losheni yangu iliacha ukungu mweupe, na mtu akipaka poda juu yake vinatoka vinyuzi kama takataka za kifutio. Niasinamidi nimeiweka kwa ajili ya madoa na kupunguza mafuta; ukiitoa, ongeza maji badala yake na fomula haitadhurika.

Vifaa

Mizani inayosoma gramu 0.01. Bika mbili zinazovumilia joto. Sufuria ya maji ya moto ya kuzikalishia. Kipimajoto. Kipima pH cha kidijitali, maana karatasi za rangi zinakosea kwenye krimu. Homojenaiza ndogo ya maabara ni bora zaidi. Blenda ya mkono itakupa bechi ya kujifunzia, lakini matone yake ya mafuta ni makubwa na inaingiza hewa nyingi. Glavu, miwani, na barakoa unapopima silika na vichujio vya unga, kwa sababu vumbi hilo halifai kwenye mapafu. Pulizia meza na vyombo ethanoli ya asilimia 70, viache vikauke vyenyewe bila kufuta.

Kuyeyusha vichujio

Hapa ndipo bechi nyingi zinapoharibika, na mwenyewe hajui mpaka mwezi wa pili.

Weka viyeyushi viwili na salisilati kwenye bika, ingiza kwenye maji ya moto, kisha ongeza ethilheksili triazoni kwanza, kwa kuwa ndiyo ngumu kuyeyuka. Fuata na bemotrizinoli, halafu DHHB. Pandisha hadi nyuzi 80 au 85 za Selsiasi ukikoroga taratibu. Subiri. Inaweza kuchukua dakika 20. Inua bika kwenye mwanga wa dirisha: unatakiwa kuona kimiminika cha manjano kama samli iliyoyeyuka, safi, bila punje hata moja iliyotulia chini. Punje moja iliyobaki itakuwa mbegu, na wenzake wataigandia losheni ikipoa.

Kabla ya kutengeneza bechi yoyote kamili nafanya jaribio la bei rahisi: nayeyusha viyeyushi na vichujio peke yake, gramu 20 hivi, namimina kwenye kichupa cha kioo na kukitia kwenye friji, sehemu ya kawaida yenye nyuzi 4. Baada ya siku mbili nadondoshea punje ndogo ya bemotrizinoli kisha nasubiri wiki nyingine. Kikibaki safi, mchanganyiko unashika. Zikitokea fuwele, ongeza dibutili adipati kwa asilimia 1 au 2 na upunguze maji kiasi hicho hicho. Bechi yangu ya pili maishani niliruka jaribio hili. Ilikuwa laini ajabu siku ya kwanza; baada ya wiki tano ikawa na mchangamchanga chini ya vidole. Fuwele zile zilikuwa kichujio kilichotoka kazini. Ngozi inahisi chenga, na jua linapita.

Kuunganisha

Vichujio vikishayeyuka, ongeza kiunganishi, kopolima ya VP na tokoferoli, koroga hadi viyeyuke. Zima moto ukiwa karibu nyuzi 78. Nyunyizia polima ya akrilati juu ya mafuta hayo kidogo kidogo huku unakoroga. Itatawanyika kama unga laini, haitayeyuka, na ndivyo inavyotakiwa.

Wakati huohuo, kwenye bika ya pili, pondaponda gundi ya ksanthani ndani ya gliserini mpaka iwe uji usio na madonge. Toa gramu 40 za maji uweke kando kwa ajili ya niasinamidi. Yaliyobaki yamimine juu ya uji wa gundi pamoja na EDTA, pasha hadi nyuzi 75. Pima bika yenye maji uzito wake na uandike, kwa sababu maji yatapungua kwa mvuke na itabidi uyarudishe.

Mimina mafuta ndani ya maji, kwa mkondo mwembamba, homojenaiza ikizunguka. Endelea dakika 3 hadi 5. Itakuwa nyeupe na majimaji kama maziwa. Usiogope wala usiongeze kinene, jeli bado haijazaliwa. Nyunyizia silika kukiwa na nyuzi 55 hivi, zungusha dakika nyingine moja. Kuanzia hapo acha homojenaiza, tumia kijiko kipana au kikorogeo cha taratibu, maana polima ikishavimba haipendi kukatwakatwa.

Kwenye nyuzi 45 anza kudondosha mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki, ila wewe nunua ya daraja safi. Gramu moja moja, koroga, pima pH. Utaona ghafla maziwa yanakuwa jeli laini, nyeupe, inayong'ara kidogo. Lenga pH 6 hadi 6.5. Huenda usimalize gramu zote 5. Zilizobaki jazia maji. Ukivuka 7, niasinamidi haitafurahi.

Ikishuka chini ya nyuzi 40 weka kihifadhi, kisha niasinamidi uliyoiyeyusha kwenye zile gramu 40 za maji. Pima uzito wa jumla, rudisha maji yaliyoruka hadi ufike gramu 500, pima pH mara ya mwisho. Acha ilale usiku mzima. Losheni ya leo jioni na ya kesho asubuhi si moja. Hukumu ya mnato na hisia itolewe kesho.

Paki kwenye chupa ya pampu isiyoingiza hewa, ya plastiki ya polipropilini au HDPE. Kopo la kuchota kwa vidole ni mwaliko kwa vijidudu.

Kuijaribu kwenye ngozi na kwenye joto

Kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono, saa 48. Kisha nusu ya uso na shingo ya mtu mwenye ngozi ya mafuta kweli, nusu nyingine ibaki na losheni aliyoizoea. Mpe gramu 0.6 zilizopimwa kwa nusu hiyo. Usimwachie akadirie, maana losheni yoyote ni nyepesi ukipaka tone. Msimamishe dirishani, siyo chini ya balbu, uangalie kama rangi imepauka. Baada ya dakika 10 bandika karatasi ya tishu kwenye paji la uso, hesabu hadi 5, ibandue. Rudia saa mbili baadaye na saa nne baadaye. Karatasi hizo, ukiziandika saa na kuzihifadhi, zinasema zaidi ya maneno ya rafiki anayetaka kukufurahisha. Mwambie pia apake poda yake ya kawaida juu, avae barakoa au kofia ngumu ya bodaboda, aone kinachotoka.

Swali linalokuja sana Zanzibar na mitaa yetu ya Pwani ni la wudhu. Fomula hii ina kijenga utando kinachosaidia kuhimili jasho, lakini haikuundwa kupita mara tano chini ya bomba. Njia ninayoipendekeza ni kunawa uso kwa sabuni laini kabla ya kutawadha Adhuhuri na Alasiri, kisha kupaka upya ukishakausha uso. Hapo wepesi unalipa tena: mtu hawezi kupaka losheni nzito mara tatu kwa siku, hii anaweza. Kwa wengine wote, kila saa mbili ukiwa juani, na mara tu unapofuta jasho.

Upande wa joto, gawa bechi kwenye vichupa vitatu: friji, kabati la chumbani, na oveni ya nyuzi 45 kwa miezi mitatu. Kila wiki angalia rangi, harufu, pH, maji yaliyojitenga, na tone moja chini ya hadubini kutafuta fuwele. Chupa yako itakaa kwenye pochi, kwenye daladala, kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa Mwenge saa saba mchana. Isipostahimili oveni haitastahimili hayo. Kipimo cha nguvu ya kihifadhi, ISO 11930, peleka maabara ya mikrobiolojia; macho na pua havioni bakteria mapema.

Namba ya kuandika kwenye chupa

Hakuna njia ya nyumbani ya kujua SPF. Programu za kukokotoa za watengenezaji wa vichujio zinakisia tu. Shanga na kadi zinazobadilika rangi juani zinakuonyesha kwamba kitu fulani kinazuiwa, hazikuonyeshi kiasi. Na usikae juani kujijaribu.

Anza na kipimo cha awali cha maabara kwenye bamba za plastiki, ambacho ni nafuu na kinakuambia kama uko karibu. Ukiridhika, nenda kwenye ISO 24444 ya SPF kwa watu wa kujitolea, na ISO 24443 ya UVA. Ulaya hudai kinga ya UVA iwe angalau theluthi moja ya SPF; jiwekee kigezo hicho hata kama hakuna anayekudai. SPF ikitoka chini ya lengo, usikimbilie kumwaga vichujio zaidi. Jiulize kwanza kama utando umesambaa sawasawa: ongeza kopolima ya VP hadi asilimia 2, boresha homojenaizesheni, pima tena bamba. Kama bado, pandisha ethilheksili triazoni hadi asilimia 3 na dibutili adipati kwa kiasi kinacholingana, halafu rudia jaribio la friji tangu mwanzo.

Hadi siku utakapokuwa na ripoti mkononi, chupa isiandikwe SPF yoyote, na usimpe mtu akaitegemee juani. Nalisema hili kwa mkazo zaidi kuhusu ndugu zetu wenye ualbino. Kwao losheni ya jua ni dawa. Saratani ya ngozi inawapata mapema na inaua. Hao waelekeze kwenye bidhaa iliyopimwa. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili yao mahususi. Haikukusudiwa kuwa nyepesi kwa mtu wa ofisini, imekusudiwa kumlinda mkulima shambani.

Anayeteswa na madoa hasa aongezewe rangi. Vichujio vyetu vinne vinazuia UV, lakini mwanga wa kawaida unaoonekana nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi, na kinachouzuia ni oksaidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Asilimia 3 kwa jumla, zikisagwa kwanza ndani ya alkili benzoati, zinatoa losheni ya rangi ya kahawia. Itabidi utengeneze angalau rangi tatu, kwa sababu mtu wa Mtwara na mtu wa Lushoto hawatatosheka na moja, na kila rangi inapimwa SPF yake.

Ukiamua kuuza Tanzania, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania: jengo husajiliwa, na bidhaa husajiliwa. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, wanasaidia wazalishaji wadogo kujipanga, na mwongozo wa uzalishaji bora unaotumika kwa vipodozi ni ISO 22716. Kenya utaanzia KEBS, shirika la viwango la huko. Watakachokuomba kwanza ni kumbukumbu, kwa hiyo anza leo kuwa na daftari: tarehe, namba ya bechi, namba ya mzigo wa kila malighafi, uzito uliopimwa na siyo ulioandikwa kwenye fomula, joto la kila hatua, pH ya mwisho, na jina la aliyekoroga. Kila bechi toa chupa mbili, zifunge, zibandike namba, uziweke kwenye kabati lenye giza mpaka mwaka mmoja baada ya tarehe ya kuisha. Mteja akirudi na malalamiko, hizo ndizo utakazozifungua.